Nairobi hadi New York: kilomita ngapi, saa ngapi?

Tuseme tiketi imeandikwa hivi: kuondoka Nairobi 23:00, kufika New York 06:00. Mjomba anaisoma, anahesabu kwa vidole, anacheka: "Kumbe Marekani ni saa saba tu, kama basi la Mombasa!" Vidole havijamdanganya, ila amechanganya saa ya ukuta wa huku na saa ya ukuta wa kule.

Muda unaochapwa kwenye tiketi huwa ni wa mahali husika. Majira ya baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kiangazi Wamarekani husogeza saa zao mbele na tofauti hubaki 7. Basi kama safari ni ya Januari, mjomba aongeze 8 juu ya 7 zake, atapata 15. Hizo ndizo saa za safari. Kurudi anatoa badala ya kujumlisha: ukiondoka kule saa sita mchana na kutua Nairobi saa nne asubuhi ya kesho yake, zinaonekana saa 22, toa 8, zinabaki 14.

Umbali nao ni jambo jingine. Kati ya viwanja hivi viwili kuna kilomita 11,800 na ushei, zikipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, inayoitwa duara kuu. Ramani ya ukutani itakudanganya, itakuonyesha kama njia inakatiza Kongo. Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: utapanda kaskazini-magharibi, ukatize Sahara, upite Aljeria na Moroko ndipo uingie Atlantiki. Rubani hafuati uzi huo sawasawa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege zikalazimika kuizunguka.

Dreamliner, aina ya ndege ambayo Kenya Airways iliitumia kuanzisha safari hii ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, huenda kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 hivi. Zilizozidi zinakwenda wapi? Nyingine huishia chini, maana saa za safari huhesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inapoegeshwa. Nyingine huliwa na upepo. Juu huko, kilomita kama 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Marekani unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni. Wapo wanaosema ni kwa sababu dunia inazunguka chini ya ndege. La, hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Safari moja nilimtumia binamu yangu picha ya tiketi, kufika 10:00, aje anipokee. Akasoma saa kumi. Nilikaa nje kwenye benchi na masanduku yangu mawili tangu asubuhi hadi alasiri, naye akaja akitabasamu, akajisifu kwamba amewahi.