Je, wajua kwa nini Krismasi ya dukani huisha pale Krismasi ya kanisani inapoanza?

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba, mfanyakazi wa duka anapanda ngazi na kuanza kubandua nyota na utepe dirishani. Mapambo yasiyouzwa yanabandikwa karatasi ya nusu bei. Nyimbo za Krismasi, zilizopigwa tangu Novemba hadi wauzaji wenyewe wakazichoka, zimezimwa. Kwa kalenda ya kanisa, hiyo ni siku ya pili tu ya Noeli. Oktava, yaani siku nane zinazoadhimishwa kama sikukuu moja, itaendelea mpaka 1 Januari. Zile siku kumi na mbili za mapokeo zitafika mkesha wa Epifania, sikukuu ya mamajusi ya 6 Januari. Kwa Wakatoliki, kipindi chenyewe hufungwa kwa Ubatizo wa Bwana, ambao kwa kawaida huadhimishwa Jumapili inayofuata Epifania.

Wanaolalamika kwamba biashara imeifunika Krismasi huwa wanazinyooshea kidole zawadi, au yule mzee mwenye ndevu nyeupe. Lakini zawadi zimo hata katika Injili, na mzee naye alikuwa askofu. Kilichochukuliwa zaidi ni wakati. Biashara haikuifuta sikukuu, iliigeuza nyuma mbele.

Kungoja kulivyokuwa

Kipindi kinachotangulia Noeli kinaitwa Majilio, na kazi yake ni kungoja. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kwa hiyo mwanzo wake huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Ndiyo maana urefu wake haulingani kila mwaka: mwaka 2022 kilikuwa cha siku 28, mwaka 2023 siku 22 tu. Padri huvaa zambarau. Jumapili za Majilio hauimbwi "Utukufu kwa Mungu juu", kwa kuwa huo ni wimbo wa malaika usiku wa kuzaliwa, na usiku huo bado. Masomo ya wiki za mwanzo hayamtaji mtoto wala hori. Yanasema juu ya kukesha, kurudi kwa Kristo, na Yohana Mbatizaji anayewakaripia watu jangwani. Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya sikukuu. Kanisa la Tewahedo la Ethiopia hufunga siku zipatazo 43, na Noeli yake huadhimishwa 7 Januari.

Mpangilio ulikuwa huo: kufunga kwanza, karamu baadaye.

Sasa kaa kwenye kiti cha mwenye duka. Zawadi ya Krismasi hununuliwa kabla ya Krismasi, na jua likishatua tarehe 25 hakuna anayeihitaji tena. Mauzo yote lazima yafanyike kabla ya tarehe hiyo. Na hali ya moyo inayofungua pochi ni shangwe: taa, nyimbo, harufu nzuri, watoto wakichekelea. Zambarau na Yohana Mbatizaji haviuzi kitu. Basi shangwe inaletwa mapema, inawekwa juu ya wiki zile zile zilizotengwa kwa ajili ya kujinyima. Hakuna aliyekaa akapanga njama dhidi ya imani. Hesabu ya stoo inatosha kulifanya hilo. Muumini anafika usiku wa tarehe 24 akiwa ameshaimba nyimbo zote, ameshakula, ameshachoka. Tarehe 26 anataka kupumzika, wakati kanisa ndiyo kwanza linaanza kusherehekea.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Marekani, Sikukuu ya Shukrani kwa desturi ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba, na baada yake ndipo msimu wa manunuzi ulipofunguliwa. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, ya mwisho ikaangukia tarehe 30. Wafanyabiashara waliona wiki nzima ya mauzo inawaponyoka. Rais Franklin Roosevelt akakubali kuisogeza sikukuu hadi tarehe 23. Majimbo yakagawanyika, mengine yakafuata tarehe mpya na mengine yakashikilia ya zamani, mpaka Bunge lilipoamua mwaka 1941 kwamba iwe Alhamisi ya nne. Sikukuu ya kumshukuru Mungu ilihamishwa ili kurefusha siku za kununua, na jambo hilo lilisemwa waziwazi.

Kalenda ya Majilio nayo ina hadithi kama hiyo. Waprotestanti wa Ujerumani katika karne ya 19 walihesabu siku kwa kuchora mistari ya chaki mlangoni au kwa kuwasha mishumaa. Huko Hamburg mwaka 1839, mchungaji Johann Hinrich Wichern alitundika gurudumu lenye mishumaa ili watoto aliowalea waone siku zinavyopungua. Kalenda za kuchapwa zilikuja mwanzoni mwa karne ya 20. Zinazouzwa leo huanza 1 Desemba kila mwaka na kuwa na milango 24, hata Majilio yakiwa yameanza siku nne kabla. Sababu ni rahisi: sanduku lisilobadilika huweza kuchapwa kwa wingi na kuuzwa mwaka wowote. Nyuma ya mlango pakawekwa chokoleti, kisha vipodozi, kisha vitu vya kuchezea. Chombo cha kumfundisha mtoto kusubiri sasa kinampa kitu kila asubuhi.

Je, zamani ilikuwa safi?

La. Hili husahauliwa na wengi wanaoitetea "Krismasi ya kweli". Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Orodha ya kale inayoiweka 25 Desemba imo katika kalenda ya Roma ya mwaka 354, na wataalamu wanaona sehemu hiyo iliandikwa mwaka 336. Karne nyingi baadaye, sikukuu hiyo katika sehemu kubwa ya Ulaya ilijulikana kwa pombe, kamari na makelele mitaani, kiasi kwamba Bunge la Uingereza liliifuta mwaka 1647. Koloni la Massachusetts liliweka faini ya shilingi tano mwaka 1659 kwa atakayeisherehekea, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Waliofanya hivyo walikuwa Wakristo wenye msimamo mkali, tena kabla ya maduka makubwa kuwapo.

Karne ya 19 ndiyo iliyoitoa Krismasi barabarani na kuiingiza sebuleni, ikamweka mtoto katikati. Maadili ya sikukuu yakatulia kweli. Lakini sikukuu ya sebuleni inahitaji vitu: kadi, mti, mapambo, vya kuchezea. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilitolewa London mwaka 1843 na Henry Cole, nakala zipatazo 1,000, kwa shilingi moja kila moja. Picha yake kuu ni familia iliyoinua glasi za mvinyo. Hori halimo. Mwaka 1848 gazeti lilichapa picha ya Malkia Victoria na familia yake wakiuzunguka mti uliopambwa, na miti ikaenea. Mwaka 1867 duka la Macy's la New York likabaki wazi hadi usiku wa manane tarehe 24 Desemba, saa ambazo kanisani ni za mkesha.

Kuhusu Santa niseme kwa kifupi. Wengi husema vazi lake jekundu lilibuniwa na Coca-Cola. Si kweli; alikwisha kuchorwa kwa rangi nyekundu kabla ya matangazo ya kampuni hiyo ya mwaka 1931, ingawa ndiyo yaliyoieneza sura ya mzee mnene mcheshi. Kilichopotea njiani kina uzito kuliko rangi. Nikola, askofu wa Mira, katika Uturuki ya leo, ambaye Santa ametokana naye, anakumbukwa kwa simulizi moja: baba mmoja maskini alikuwa na binti watatu asio na mahari ya kuwaozesha (huko ilitolewa na upande wa bibi harusi), na Nikola akarusha mifuko ya dhahabu dirishani usiku, kwa siri, ili asijulikane. Aliyetoa alikuwa mgeni, aliyepokea alikuwa mhitaji, na hakuna aliyekuwa ameandika orodha.

Nipe nikupe

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi hubeba wajibu tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Waswahili tumelisema zamani: mkono mtupu haulambwi. Biashara ya Krismasi inasimama juu ya wajibu wa tatu. Mwanasosholojia Phillip Kunz wa Marekani aliwahi kuwatumia kadi za Krismasi mamia ya watu asiowajua hata kidogo, na takriban mmoja kati ya watano akamjibu. Kama kadi ya mtu usiyemjua inakufanya uone una deni, fikiria sanduku kutoka kwa shemeji.

Upinzani dhidi ya mzigo huo si wa leo. Mwaka 1912 wanawake wa New York walianzisha chama cha kuzuia zawadi zisizo na faida, kwa sababu wasichana wa kazi madukani walilazimika kuchanga kutoka mishahara midogo ili kuwanunulia wakubwa wao zawadi. Theodore Roosevelt, rais wa zamani, alijiunga. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel alipouliza wanafunzi wa chuo kikuu thamani ya zawadi walizopewa, alikadiria kwamba kati ya sehemu moja ya kumi na theluthi moja ya thamani hupotea: mpokeaji asingeilipia zawadi hiyo bei iliyolipwa na mtoaji. Wachumi wanaweza kubishana juu ya kipimo, maana upendo hauna risiti, lakini kabati zenye vitu visivyoguswa zinajua.

Linganisha na kilichoandikwa. Luka anasema mtoto alilazwa katika hori ya kulia ng'ombe kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni. Siku arobaini baadaye wazazi wanatoa sadaka hekaluni, na Luka anataja "hua wawili, au makinda mawili ya njiwa". Msomaji wa haraka hupita hapo. Fungua Walawi 12:8: hiyo ni sadaka ya mama asiyemudu mwana-kondoo. Mwinjili anakuambia hali ya mfuko wa familia ile bila kutumia neno maskini. Mathayo naye anawaleta mamajusi na dhahabu, uvumba na manemane. Hasemi kwamba walikuwa watatu, na wanamkuta mtoto ndani ya nyumba. Hawakupeana zawadi wao kwa wao.

Japani inaonyesha mwisho wa njia. Wakristo ni kama asilimia 1 ya watu, lakini Krismasi inang'aa mijini, na kuku wa kukaanga wa KFC amekuwa mlo wake tangu kampeni ya matangazo ya mwaka 1974. Sikukuu ya dukani imesimama yenyewe, haihitaji kuegemea imani.

Kurudisha mpangilio nyumbani

Anayetaka kuyatenganisha haya mawili afanye kazi na kalenda. Hotuba juu ya tamaa hazisaidii.

Shada la Majilio ni duara la majani lenye mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi kwa Jumapili ya tatu; kila Jumapili huongezwa mmoja wa kuwashwa. Huharibika kwa sababu moja: mshumaa wa kwanza huwashwa siku zote, wa nne siku chache mno. Ukiwasha dakika 10 kila jioni katika Majilio ya siku 28, wa kwanza utaungua dakika 280, karibu saa tano, na wa nne dakika 70. Nunua minene, na uzime yote kabla ya kutoka chumbani, maana majani ya wiki ya nne ni makavu na hushika moto haraka.

Zawadi zipunguze kwa kura. Watu kumi wakipeana kila mmoja na mwenzake, ni zawadi 90. Kila mtu akichota jina moja, ni 10. Makubaliano yafanywe kabla Novemba haijaisha, na kiwango cha juu cha bei kitajwe. Bila kiwango, mmoja huleta kitu cha fahari na wote hurudi kwenye deni la nipe nikupe. Makubaliano yakichelewa, kuna shangazi atakayekuwa ameshanunua.

Nyingine zinaweza kuhamishiwa 6 Januari, kama wafanyavyo Wahispania, kwa kuwa ndiyo siku ya mamajusi. Watoto waambiwe mapema; wakishtukizwa tarehe 25, wataichukia Epifania maisha yao yote.

Pango la Noeli, yaani sanamu za hori na waliokuwapo, ambalo mapokeo yanalihusisha na Fransisko wa Asizi na usiku wa Noeli ya mwaka 1223 kule Greccio, lipangwe hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa Majilio weka ng'ombe, punda na hori tupu. Mtoto awekwe usiku wa tarehe 24. Mamajusi waanzie mbali, upande wa pili wa chumba, na kila siku wasogezwe kidogo. Tarehe 26, dirisha la duka linapovuliwa nyota zake, watakuwa bado kwenye rafu ya vitabu, na siku kumi na moja za kutembea.