Shift_JIS si kitu kimoja, tuelewane

Vijana wanaoandika programu za bondi za magari (yadi za magari yaliyoagizwa nje) hapa Kampala wanapokea mafaili kutoka Japani, na wengi wanaamini ukishaandika "shift_jis", jina la mfumo wa kuhifadhi herufi za Kijapani kwenye kompyuta, kwenye kodi basi imeisha, popote litasomeka vilevile. Hapana. Hilo jina limebeba majedwali zaidi ya moja, yaani orodha za kuonyesha baiti (namba) gani ni herufi gani. Lile la Windows linaitwa CP932, nalo lina herufi za ziada za kampuni za NEC na IBM ambazo hazimo kwenye JIS X 0208, orodha rasmi ya herufi za Kijapani, sasa faili la Windows lenye ① ukilisoma kwa Python (lugha ya programu) na shift_jis linagoma, ukiweka cp932 linafunguka vizuri tu, na watu washaanza kulalamika eti faili limeharibika kumbe lizima kabisa.

Mbaya zaidi ni pale lisipogoma. Baiti 81 60 kwa shift_jis zinakupa U+301C (namba ya herufi kwenye Unicode, orodha ya herufi za dunia nzima), kwa cp932 zinakupa U+FF5E, alama mbili za wimbi zinazofanana machoni ila kwa kompyuta ni tofauti, halafu unatafuta kwenye databesi weee hupati kitu.

Na hiyo baiti 5C je? Kwenye JIS X 0201, orodha nyingine ya Kijapani ya herufi za baiti moja, ni alama ya yeni, Windows inaichukua kama \, tena inaweza kuwa nusu ya pili ya herufi kama 表 (95 5C), kwa hiyo kodi inayokata maandishi baiti kwa baiti inaipasua katikati.

Mi ningesema geuza kuwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote) faili linapoingia tu, ila kama limetoka Windows taja cp932 yenyewe, na ukiwarudishia Wajapani tumia jedwali lilelile.