Runinga hula vichekesho: tumtazame Trevor Noah

Kazi yangu ni kuwanoa wachekeshaji wa jukwaani hapa Mombasa, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana ni hili: nifanyeje nipate kipindi cha runinga? Huwa nawarudisha kwa Trevor Noah, mchekeshaji wa Afrika Kusini. Mwendesha kipindi na mchekeshaji wa jukwaani wana kazi mbili tofauti, na yeye amezifanya zote kwa kiwango cha juu, kwa hiyo kwake tofauti inaonekana vizuri.

Noah alizaliwa Johannesburg mwaka 1984. Kamera aliizoea mapema. Bado kijana mdogo alipata nafasi kwenye tamthilia ya runinga ya kwao, kisha akafanya redio, na 2010 akawa na kipindi chake kwenye M-Net, kituo cha runinga cha huko kwao. Lakini jina lake lilijengwa jukwaani. Mwaka 2012 alikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye lile tamasha kubwa la sanaa la Agosti ambako mchekeshaji husimama karibu kila usiku na onyesho lile lile. Vijana wangu hulipita jambo hili haraka, nami hapo ndipo ninapowakalisha chini. Ukirudia onyesho moja mwezi mzima unajua watu wanachokea wapi, neno gani halina kazi, na ni wapi panataka kunyamaza tu.

Niwape mfano wa hapa kwetu. Kuna kijana aliniletea kisa cha feri ya Likoni. Injini imezima katikati ya maji, huku watu wanapiga shahada, kule wanakemea mapepo, na muuza njugu anapita katikati yao: "Njugu, njugu! Haya jamani, hizi ndizo za mwisho!" Kisa ni kizuri. Tatizo ni kwamba kila akifika hapo alikuwa anaongeza, "yaani yeye hata hakuogopa kufa, anawaza biashara tu." Maneno hayo yalikuwa yanawaeleza watu kitu walichokwisha kukiona wenyewe, na kicheko kilikuwa kinakatika katikati. Tukayatoa. Halafu tukapunguza watu wanaoomba, wakabaki wawili, kwa sababu sala zikizidi hadhira inamsahau muuza njugu. Mwisho tukakubaliana kwamba akishasema "za mwisho" atulie, amtazame mtu wa mstari wa mbele kama anayesubiri pesa yake. Ukumbi ulilipuka. Dakika ile moja ilimchukua miezi kuitengeneza.

Sasa ipeleke runingani. Itarushwa mara moja, itakatwa klipu, na kufikia Ijumaa kila mtu kuanzia Kisauni hadi Mtongwe ameshaiona simuni. Wiki inayofuata mtayarishaji anataka nyingine. Kijana mwenye dakika kumi tu za vichekesho huwa ameishiwa kabla msimu haujafika nusu, na akirudi kwenye kumbi watu wanamtajia mwisho kabla hajaufikia. Nimeliona likiwatokea watu wenye kipaji kikubwa, na linaniuma.

Noah alipomrithi Jon Stewart kwenye The Daily Show, kipindi cha Marekani kinachozifanyia habari vichekesho, Septemba 2015, aliingia kwenye kazi ya namna hiyo hiyo, tena siku nne kwa wiki, Jumatatu hadi Alhamisi. Hakuna binadamu awezaye kutunga peke yake kwa mwendo huo, ndiyo maana vipindi hivi huwa na chumba kizima cha waandishi. Mwendeshaji anasoma habari za leo, anahoji wageni, anachunga muda. Kichekesho cha Jumatatu kuhusu mwanasiasa fulani Jumanne hakina faida tena.

Tazama alichofanya. Matangazo ya biashara yakiingia, badala ya kukaa apakwe poda, alikuwa akizungumza na watu waliokuja studio. Hakuwa na karatasi, ni yeye na hadhira yake, anaigiza lafudhi na kujibu maswali. Kamera ziliachwa zikiendelea, na klipu hizo zikashinda Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, mwaka 2017. Ndani ya mapumziko ya kazi ya runinga, mchekeshaji wa jukwaani alikuwa bado anafanya mazoezi.

Septemba 2022 aliwaambia watu wa studio kwamba anaondoka. Alisema, kwa ufupi, kwamba amekosa kusafiri, kujifunza lugha na kufanya maonyesho yake mwenyewe. Kipindi chake cha mwisho kilikuwa Desemba 8. Wengi walishangaa mtu anaachaje kiti kama kile. Mimi sikushangaa. Miaka saba ni mingi.

Kenya tuna njia nyingine, ya mchekeshaji Daniel Ndambuki, anayejulikana kama Churchill. Yeye kwenye kipindi chake aligeuka mwenyeji hasa: anaichangamsha hadhira, anamwita mchekeshaji, anampisha. Vichekesho vingi vilitoka kwa wengine, na hivyo kipindi kikadumu bila yeye kukauka, na wachekeshaji kama Eric Omondi na Chipukeezy wakapata mlango. Naiheshimu sana njia hiyo, kwani kumpisha mwenzako acheke na watu wako kunataka moyo. Ila mzigo unahamia kwa mgeni. Yeye ndiye anayeacha dakika zake bora pale.

Kwa hiyo kijana wa Mombasa akiniuliza habari ya runinga, nami namuuliza ana dakika ngapi. Simaanishi alizoandika. Namaanisha zilizokwisha kuchekesha watu wasiomjua, Swahilipot, Little Theatre, harusini, hata barazani kwenye kahawa ambako wazee hawamchekei mtu kwa huruma. Akiwa na saa nzima, aende, apeleke dakika tano na zile nyingine azifiche. Akiwa na kumi, namwomba asubiri. Na kama anachotaka ni kuendesha kipindi, basi tunaanza somo jingine kabisa, la kumsikiliza mgeni hadi mwisho wa sentensi yake.