Mkimbiaji wa barabarani hakuwa hatari: dhana potofu kuhusu mazoezi ya nje wakati wa vizuizi vya korona

Wagonjwa wangu wa kisukari na shinikizo la damu bado wananiambia kwamba waliacha matembezi ya jioni mwaka 2020 kwa sababu "wakimbiaji wanasambaza virusi", na mpaka leo hawajarudi barabarani. Sukari imepanda, magoti yamekaza, na kila redio inapotangaza homa mpya, maneno ni yaleyale. Kwa hiyo naandika, na nitaanza na dhana iliyoharibu zaidi.

Dhana: Mkimbiaji anayekupita anakuachia wingu la virusi, ni lazima akae mita 10 au 20

Hii inanichosha kuliko zote kwa sababu imebeba namba, na dhana yenye namba haing'oki kirahisi. Namba zenyewe zina chimbuko linalojulikana. Aprili 2020 Bert Blocken, mhandisi wa mwenendo wa hewa katika vyuo vikuu vya Eindhoven na Leuven, alitoa hesabu za kompyuta kuhusu matone ya mate yanayobaki nyuma ya mtu anayetembea au kukimbia. Swali lilikuwa hili: ukimfuata mtu mgongoni kabisa, ukae umbali gani ili hali yako ilingane na ya watu wawili waliosimama wakiwa wameachana mita 1.5? Kompyuta ikajibu takriban mita 5 kwa anayetembea kilomita 4 kwa saa, na mita 10 kwa anayekimbia kilomita 14.4 kwa saa. Kwa baiskeli za kasi zikatajwa mita 20. Picha ya wingu la rangi nyuma ya mkimbiaji ikazunguka kwenye WhatsApp kabla wataalamu wengine hawajapata nafasi ya kuipitia kazi hiyo.

Sasa tazama masharti ya hesabu hiyo. Hakukuwekwa upepo wowote, si wa mbele, si wa nyuma, si wa ubavuni. Yalihesabiwa matone, havikuhesabiwa virusi vilivyo hai, wala kiasi kinachotosha kumwambukiza mtu. Na aliyepimwa ni anayefuata mgongoni moja kwa moja. Ushauri wa mtafiti mwenyewe ulikuwa mwepesi: msifuatane mgongoni, kaeni ubavu kwa ubavu au kwa mshazari. Watu wakauacha ushauri, wakabeba namba.

Kinachoambukiza ni kiasi ulichovuta. Kiasi hicho kinategemea chembe zilivyojaa hewani na muda uliokaa ukizivuta. Chukua mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa na mkimbiaji wa kilomita 12 kwa saa wanaokuja kwa kuelekeana. Wanakaribiana kwa mita 4.7 kila sekunde. Ukihesabu mita 2 kabla na mita 2 baada ya kupishana, ukaribu wao wote haufiki sekunde moja. Akikupita kutoka nyuma, ni kama sekunde mbili. Mtu anayetembea huvuta hewa kidogo mno katika muda huo, na hewa yenyewe imekwisha kuchanganyika na ya barabara nzima. Upepo wa mita 1 kwa sekunde, ambao hata jani halitikisiki sawasawa, huiondoa pumzi hiyo mita 60 ndani ya dakika moja huku ukiitawanya.

Linganisha na ukumbi. Februari 2020, huko Cheonan, Korea Kusini, walimu wa dansi ya mazoezi walikutana kwenye warsha iliyochukua muda wa saa nne, kisha wakarudi kufundisha. Wagonjwa 112 walihusishwa na madarasa hayo katika kumbi 12. Darasa lilichukua wanafunzi 5 hadi 22 katika chumba cha takriban mita 60 za mraba, kwa dakika 50. Piga hesabu mwenyewe: dari ya mita 3 inakupa mita 180 za ujazo. Watu 20 wakipumua lita 50 kwa dakika kila mmoja, kwa dakika 50, wametoa lita 50,000, yaani mita 50 za ujazo. Chumba kikiwa kimefungwa, hewa iliyopita mapafuni mwenu inalingana na zaidi ya robo ya ujazo wake. Mwalimu mmojawapo wa hao walioambukizwa alifundisha mazoezi ya taratibu ya Pilates na yoga kwa wanafunzi 7 au 8, na hakuna hata mmoja wao aliyekutwa na virusi. Huenda ni kwa sababu mazoezi hayo si makali, na pumzi zilikuwa ndogo.

Kwa nje, China walichunguza milipuko 318 ya watu watatu na zaidi iliyotokea kati ya Januari na Februari 2020. Milipuko yote hiyo ilitokea ndani. Walipowapitia wagonjwa 7,324 mmoja mmoja, walikuta tukio moja tu la maambukizi ya nje, lenye wagonjwa wawili, na chanzo chake kilikuwa watu wawili wakizungumza. Ilikuwa majira ya baridi na watu wengi walijifungia, kwa hiyo sisemi kwamba nje hapana maambukizi. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliokuja baadaye ulikuta maambukizi ya nje yako chini ya asilimia 10 ya yaliyoripotiwa. Ila soma tena: wakizungumza.

Hapo ndipo ninapotaka macho yako. Kikundi cha jogingi cha Jumamosi asubuhi Dar es Salaam hakiambukizani wakati miguu inakwenda. Kinaambukizana kwenye mambo haya: mchakamchaka wa nyimbo, kwa sababu kuimba kwa nguvu hutoa chembe nyingi kuliko kuhema, duara la kunyoosha viungo, nyuso zikitazamana kwa dakika 20, chupa moja ya maji inayopita mikono sita, supu ndani ya kibanda chenye dirisha moja, na daladala ya kurudi nyumbani iliyofungwa vioo kwa sababu ya mvua. Anayemnunia mkimbiaji wa peke yake kisha akapanda daladala hiyo bila barakoa amekosea mahali pa kuogopa.

Mlipuko ukirudi, fanya hivi. Ukimpita mtu, toka pembeni mita 2 ukiwa bado nyuma yake, na usirudi kwenye mstari wake mpaka umemwacha hatua kumi. Usiteme mate wala kupenga kamasi barabarani, uwe na leso. Mkiwa wawili, nendeni ubavu kwa ubavu kama njia inaruhusu, na upepo ukivuma kutoka ubavuni, mwenye kikohozi akae upande unakoelekea upepo. Duara la kunyoosha viungo ligeuzeni: kila mtu atazame nje. Kila mmoja abebe maji yake. Stori zipigwe mkitembea.

Dhana: Serikali zilipiga marufuku, kwa hiyo nje kulikuwa na hatari

Sheria inatungwa ili askari aweze kuisimamia. Askari hawezi kupima hewa. Anaweza kupima saa, kilomita na idadi ya watu. Ndiyo maana nchi zilizokuwa na virusi vilevile ziliweka mipaka isiyofanana kabisa.

Ufaransa, Machi 2020, mtu aliruhusiwa saa moja kwa siku ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani, akiwa na fomu aliyoijaza mwenyewe, na faini ilikuwa yuro 135. Hispania iliwazuia watu wazima kabisa kufanya mazoezi nje hadi tarehe 2 Mei. Afrika Kusini ilizuia hata kumtembeza mbwa kuanzia tarehe 27 Machi, kisha tarehe 1 Mei ikafungua kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, ndani ya kilomita 5. Matokeo yalionekana siku ileile: kando ya bahari pale Sea Point, Cape Town, watu walijaa kwa sababu wote walipewa saa zilezile tatu. Ukiniuliza, huo ndio mfano bora wa sheria iliyotengeneza msongamano iliokusudia kuuzuia. Saa nyingi zaidi huwatawanya watu. Saa chache huwabana pamoja.

Uganda nayo ilizuia jogingi ya nje Aprili 2020, baada ya makundi kuonekana yakikimbia barabarani, na Rais Museveni akatoa video akizunguka ofisini peku na kupiga pushapu. Kusudi la kuwaonyesha watu kwamba mwili unaweza kufanyishwa kazi ndani lilikuwa jema. Lakini ofisi ya rais ina nafasi. Familia ya watu saba katika chumba kimoja cha kupanga haina, na hewa ya chumba hicho ndiyo hatari yenyewe.

Kenya haikuzuia mazoezi. Iliweka kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri kuanzia tarehe 27 Machi 2020. Mwanariadha aliyezoea kutoka saa 10 na nusu alfajiri akawa mvunja sheria, ingawa barabara nzima ilikuwa yake. Uamuzi uliokuwa na mantiki zaidi ni ule wa kufunga kambi za Iten na kuwataka wanariadha wajifue mmoja mmoja. Kambi ni vitanda vilivyokaribiana, meza moja ya ugali na chumba kimoja cha televisheni, na hivyo ndivyo vilivyostahili kufungwa.

Uingereza mvutano ulikuwa kuhusu maneno. Tarehe 23 Machi 2020 Waziri Mkuu Boris Johnson alisema zoezi moja kwa siku. Sheria ya England iliyotoka tarehe 26 haikuwa na "mara moja". Ya Wales ilikuwa nayo. Januari 2021 polisi wa Derbyshire waliwatoza wanawake wawili pauni 200 kila mmoja kwa kuendesha gari kama kilomita 8 kwenda kutembea kando ya bwawa, kisha faini zikafutwa na wakaombwa radhi, kwa kuwa sheria haikutaja umbali wowote. Majirani waliokuwa wakishitakiana kwa kutoka mara mbili walikuwa wakigombania hotuba.

Sababu halali za kuweka mipaka zilikuwepo: kupunguza safari za kwenda vijijini ambako hospitali ni ndogo, kuzuia mikusanyiko inayojificha nyuma ya neno mazoezi, na kuepusha majeruhi wapya wadi zikiwa zimejaa. Hizo ni sababu za utawala. Hazithibitishi kwamba kutembea peke yako kunaambukiza. Tanzania haikufungia watu ndani, na bado nina wagonjwa Watanzania waliojifungia wenyewe kwa sababu ya marufuku ya nchi nyingine.

Mengine, kwa haraka

Barakoa haikati oksijeni. Molekuli ya oksijeni haifiki hata nusu nanomita, kirusi kina takriban nanomita 100, na matundu ya kitambaa ni makubwa kuliko vyote viwili. Chembe hunaswa kwa kugongana na nyuzi. Kinachoongezeka ni ugumu wa kuvuta pumzi, hasa kitambaa kikilowa jasho, na kwa barakoa nzito za FFP2 uwezo wa juu kabisa wa mwanamichezo hushuka kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu Juni 2020 kwamba usiivae ukiwa kwenye zoezi kali. Kenya, ambako kukosa barakoa hadharani kungeweza kukugharimu hadi shilingi 20,000 au miezi sita jela, wengi walikimbia nayo kidevuni, mahali isipomsaidia yeyote. Iweke mfukoni ndani ya bahasha ya karatasi, ivae unapoingia kwenye lifti au dukani.

Jua kali huua virusi, ndiyo, lakini kwa dakika. Rafiki anayekusemesha usoni anakufikia kwa sekunde. Joto la Mombasa halikumkinga mtu.

Jasho haliambukizi korona. Vitakasa mikono mlangoni mwa jimu ni vizuri, ila havisafishi hewa. Ukikuta madirisha yamefungwa ili kiyoyozi kifanye kazi, rudi nyumbani. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, kwa sababu dirisha moja halipitishi.

Na mazoezi hayazuii kuambukizwa. Yanachopunguza ni makali: katika watu 48,440 waliougua korona huko California, wale ambao kwa miaka miwili hawakuwa wakifanya mazoezi walikuwa na uwezekano wa kufa takriban mara 2.5 ya waliofanya dakika 150 au zaidi kwa wiki. Ndiyo sababu naumia nikisikia mtu aliacha kutembea ili ajikinge.

Dhana: Homa hutolewa kwa jasho

Hii ni ya hatari, na nasema bila kupunguza. Virusi vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, na kukimbia ukiwa na homa kunaweza kuleta mapigo yaliyovurugika na kifo cha ghafla. Mwongozo uliochapishwa Uingereza 2020 unasema pumzika angalau siku 10 tangu dalili zianze, na uwe umekaa siku 7 bila dalili wala dawa za kuzificha, paracetamol ikiwemo. Miongozo ya baadaye imefupisha muda kwa waliougua kidogo. Kwa mwenye kisukari au umri zaidi ya miaka 50 mimi bado nashikilia ule mrefu.

Kisha panda kwa ngazi. Toa umri wako kwenye 220 upate kadirio la mapigo ya juu. Mwenye miaka 40 anapata 180. Siku mbili za kwanza tembea au endesha baiskeli taratibu dakika 15, mapigo yasizidi asilimia 70, yaani 126. Siku ya tatu dakika 30 na ya nne dakika 45, mapigo yasizidi asilimia 80, ambayo ni 144. Siku ya tano na ya sita fika saa moja kwa kiwango hichohicho. Siku ya saba rudi kwenye ratiba yako. Ukichoka isivyo kawaida, shuka ngazi moja na upumzike siku nzima kabla ya kujaribu tena. Asiye na saa ya kupima mapigo atumie mdomo: asilimia 70 unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika.

Maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo, kizunguzungu cha kuanguka, au kukosa pumzi kwa mwendo uliokuwa ukiuweza: simama hapohapo, na kabla hujakimbia tena upimwe umeme wa moyo hospitali.