Ndiyo, soksi ya sufu. Ndiyo, Dar es Salaam

Safari hii ilikuwa kwenye mwendokasi, baada ya Manzese. Nilikuwa nimepata kiti cha dirishani, bahati ambayo siichezei, nikatoa soksi kwenye mkoba. Sindano zangu tano nyembamba, donge la uzi ndani ya kopo la plastiki miguuni ili lisitembee basi zima. Kaka aliyesimama pembeni yangu akavumilia vituo viwili.

"Dada, samahani. Hiyo kofia ya mtoto?"

"Soksi, kaka."

"Ya uzi wa sweta?"

"Ya sufu."

Akacheka mpaka wa nyuma yake wakageuka. "Sufu, Dar hii! Basi unasafiri."

Sisafiri. Jumapili mama mmoja wa kwaya alishanionya kuhusu fangasi. Jumatatu shemeji akaniuliza kama Njombe wameniita nyumbani. Kweli nimezaliwa Njombe, na kweli kule Julai maji ya bombani yanauma meno, lakini miguu ninayoivalisha sasa hivi inaishi Kimara. Nimelijibu hili kwa adabu kwa miaka. Leo naliandika, ili kesho nikiulizwa nitoe simu tu, niendelee kuhesabu vitanzi.

Wanachoamini ni kwamba sufu ni ya baridi na pamba ndiyo ya joto, kwa hiyo anayefuma soksi za sufu Dar ana matatizo.

Kwanza, hiyo unayoiita sufu si sufu. Ingia duka lolote la uzi Kariakoo, shika donge, uliza. Utaambiwa "sufi hiyo, dada, sufi safi." Sufi ni ile ya kwenye mito, inatoka kwenye mti wa msufi. Sufu ndiyo manyoya ya kondoo. Herufi moja tu. Na hilo donge uliloshika si sufi wala sufu, ni akriliki, plastiki iliyovutwa ikawa nyuzi. Sina ugomvi na akriliki, nimefumia blanketi za watoto wachanga hadi nikachoka. Ugomvi wangu ni kwamba mtu anavaa soksi ya akriliki siku moja, miguu inachemka kama maandazi, halafu anakwenda kutangaza kwamba sufu haifai.

Kama huamini, kata kipande cha uzi urefu wa kidole, kishike kwa kibanio, kiwashe juu ya sinia la bati. Nyumbani, tafadhali, si dukani kwa watu. Sufu inawaka kwa shingo upande, ukiondoa moto inajizima, inanuka nywele zilizoungua, na kinachobaki ni jivu jeusi linalovunjika ukilifinya. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu mepesi. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na ikipoa inabaki punje ngumu kama shanga. Nimefanya hivi kwa madonge tisa niliyouziwa kwa jina la sufu. Punje tisa. Nimeziweka kwenye kibweta, siku moja nitatunga mkufu.

Sasa miguu. Mguu ndani ya kiatu unatoa jasho, uwe Makete au Mbagala, na swali ni jasho hilo linakwenda wapi. Wanaopima nyuzi huangalia uzi ulioachwa kwenye hewa ya kawaida ya chumba umebeba maji kiasi gani ukilinganisha na uzito wake mkavu. Sufu ni kama asilimia 16. Pamba kama 8. Nailoni kama 4, na akriliki kati ya 1 na 2. Maana yake akriliki haimezi kitu, jasho linabaki kati yake na ngozi yako, na ndiyo yale maandazi. Sufu inameza mvuke ndani ya unyoya wenyewe, inaweza kufika hata asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa.

Pamba nayo inakunywa maji, tena vizuri, ndiyo maana taulo ni pamba. Lakini hebu vaa taulo ndani ya buti kuanzia asubuhi hadi jioni. Pamba ikishalowa inalala, inashikana na ngozi, inakaa na maji yake, na ngozi mbichi inayosuguliwa na kitambaa kibichi ndiyo inayotoa malengelenge. Tena pamba haina mnyumbuko. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo soksi inapokuwa soksi au inapokuwa mfuko.

Soksi nzuri ni ndogo kuliko mguu. Mguu wangu una mzingo wa sentimita 22. Kwa sindano za milimita 2.5 na uzi wa soksi wa kawaida, ule wa gramu 100 zenye kama mita 420, mkono wangu unatoa vitanzi 32 kwa sentimita 10. Nikianza na vitanzi 64 napata soksi ya sentimita 20. Pungufu sentimita mbili, kama asilimia 9, na kwa makusudi. Unyoya wa kondoo kwa asili umejikunja mawimbi mawimbi, ukiuvuta unanyooka, ukiuachia unarudi. Kwa hiyo soksi inaukumbatia mguu siku nzima bila mpira. Ifume hiyo hiyo kwa pamba tupu: itaingia kwa shida saa moja asubuhi, na saa sita mchana itakuwa imekusanyika chini ya unyayo kama kitambaa cha kudekia. Soksi za pamba za dukani zinasimama kwa sababu zimetiwa mpira na nailoni. Soma lebo.

Halafu ule unene. Watu wakisikia sufu wanaona sweta la Njombe, zito, la kola. Nguo inatia joto kwa hewa inayoinasa. Jina la uzi halikupashi chochote. Soksi yangu ni nyembamba kuliko soksi ya mpira wa miguu unayomnunulia mtoto, na huyo mtoto hujawahi kumuuliza kama anasafiri.

Wenzangu wapenda sufu kuna jambo huwa hawalisemi, nami nitalisema kabla shemeji hajalisoma mahali. Sufu inapomeza unyevu hutoa joto. Kidogo, lakini hutoa. Kwa hiyo ukiivaa kavu mguu ukaanza kutoka jasho, dakika za mwanzo unaweza kuhisi vuguvugu, na yule kaka wa mwendokasi hapo ana hoja. Shaka yangu nyingine ni kubwa zaidi: Machi, hewa ya Dar yenyewe imeshalowa. Sufu iliyoning'inia kabatini imeshakunywa sehemu ya haki yake kabla sijaivaa. Sasa jasho langu lipate nafasi wapi? Nimelizungusha hili kichwani muda mrefu. Ninachoweza kusema ni kwamba miguuni kwangu, ndani ya raba, bado sufu inashinda pamba hata Machi, ila kwa tofauti ndogo kuliko Julai. Na utafiti wangu una miguu miwili, yote ya mtu mmoja. Siku za ndala navaa ndala. Sijawahi kusema soksi ziende ufukweni.

Ingawa wapo waliovaa soksi na kandambili. Kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London, ipo soksi nyekundu ya sufu iliyochimbwa Oxyrhynchus, Misri, ya kati ya mwaka 250 na 420. Imegawanywa kidoleni, dole gumba upande wake, ili ivaliwe na kandambili. Misri! Jangwani! Sufu! Picha yake ninayo kwenye simu na nimewaonyesha watu wengi kuliko picha za wanangu. Haki itendeke lakini: ile haikufumwa kwa sindano za kufumia kama tunavyofuma leo, ni kazi ya sindano moja ya kupitisha uzi kitanzi kwa kitanzi. Na soksi za kale kabisa zilizofumwa kwa namna tunayoijua, nazo za Misri, za karne kadhaa baadaye, nyeupe kwa buluu ya nili, ni za pamba. Ndiyo. Najua. Mama wa kwaya asionyeshwe aya hii.

Kuhusu kuwasha. Kinachowasha ni ncha za manyoya manene, yale yanayozidi kama maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinachoma ngozi badala ya kupinda. Merino, sufu ya kondoo wa jina hilo, ni nyembamba zaidi, haiwashi wengi. Hapo mwanafunzi wangu anaruka: basi ninunue merino laini kuliko zote! Hapana. Uzi mwororo unaoushika dukani ukausugua shavuni huku umefumba macho ndio utakaotoboka kisigino kabla ya Krismasi. Shavu halitembei. Uzi wa soksi unatakiwa uwe umesokotwa kwa nguvu, nyuzi tatu au nne pamoja, mviringo, na ukiubana unarudisha. Wengi wanachanganya sufu asilimia 75 na nailoni 25 kwa ajili ya uimara. Nimeufundisha uwiano huo kama amri, ila siku hizi sina uhakika nao sana, kwa sababu ninazo jozi mbili za sufu tupu zilizosokotwa kwa kukaza, na bado zinadunda, wakati jozi moja yenye nailoni ilishatoboka. Pengine kufuma kwa kubana kunalinda kuliko nailoni. Pengine ni namna ninavyokanyaga.

Ufumaji wenyewe sitaurefusha: vitanzi 64, mbili mbele mbili nyuma mpaka ukingo wa juu ufike vidole vinne, shuka mguu, kisigino kwa vitanzi 32 vya nyuma kwenda na kurudi safu 32, geuza, okota 16 na kimoja cha pembeni kila upande, punguza hadi urudi 64, nyoosha unyayo, punguza vidole, unganisha kwa sindano ya kushonea. Aliyewahi kufuma ameelewa. Ambaye hajafuma ameogopa bure, kwa sababu pale kwenye kugeuza kisigino, ambapo kitambaa bapa kinajikunja chenyewe mikononi mwako kikawa kikombe, nimeona watu wazima wakipiga kelele.

Tatizo langu mimi si kufuma. Ni uzi mpya. Binti wa rafiki yangu alirudi kutoka Ujerumani na donge la Opal, ule uzi uliotiwa rangi kwa vipimo hivi kwamba unafuma tu na mistari inajitokeza yenyewe. Nilikuwa na soksi ya kijivu imefika kisiginoni. Nikaiweka chini "kwa dakika tano" nione rangi ya kwanza, halafu nione ya pili, halafu si nimeshaona mbili, nione na ya tatu. Ya kijivu iko pale pale. Kwa sasa nina soksi saba zisizo na mwenzake, na mume wangu ameshauri kwa upole nitafute wateja wa mguu mmoja.

Nyuzi zenyewe nazitunza kwenye sanduku la bati, kwa sababu Dar ina nondo, na viwavi vyao vinaila sufu kama mlenda. Akriliki hawaigusi, ni wajanja. Naweka majani makavu ya mwarobaini kama mama alivyofanya, ingawa sijui kama nondo wanayaogopa au nayaogopa mimi kwa harufu. Ninachokiamini ni friza. Kila uzi mpya unafungwa kwenye mfuko wa plastiki, unalala humo wiki nzima. Ndiyo maana mgeni aliyetumwa alete samaki alirudi sebuleni na merino ya zambarau.

Ufuaji: kama lebo haisemi kwamba sufu imetibiwa ili ifuliwe kwa mashine, usithubutu maji ya moto. Unyoya una magamba, joto na kusuguliwa vinayafunganisha, na hayafunguki tena. Iliyotibiwa imepunguzwa magamba kwa klorini na kupakwa utando mwembamba wa utomvu wa viwandani. Niliwahi kuzichemsha mwenyewe, kwa mikono yangu, soksi za wiki tatu za kazi. Zimebaki saizi ya mwanasesere, ngumu kama kofia ya balaghashia.

Jaribio langu la haki kuliko yote nimelifanya kwa mlinzi wa ofisini kwetu. Buti za ngozi, kwa muda wa saa kumi na mbili, usiku kucha, getini, Dar. Nilimpa jozi moja ya sufu na nailoni, nikamwomba azivae wiki mbili, azianike tu asubuhi, asizifue mpaka aone haja. Alinitazama kama yule kaka wa mwendokasi, lakini ni mtu mzima, akapokea.

Baada ya wiki mbili nikamwamkia, nikauliza habari za soksi.

"Marahaba, mwanangu. Hazinuki," akasema, na akanyanyua mguu kana kwamba nithibitishe. "Mguu mkavu. Vidoleni zinawasha kidogo siku ya kwanza, halafu zinaacha. Ila hii ya kushoto imetoboka kisigino."

Nikamwomba anipe niitie viraka, nina glopu iliyoungua ninayoiingiza kisiginoni kwa kazi hiyo, dakika ishirini tu. Akakataa kuivua. Amesema nimletee kwanza nyingine, zamu inaanza saa kumi na mbili.