Ajali ya barabarani msimu wa sikukuu: maswali na majibu

Krismasi ikikaribia, Mwembe Tayari, stendi ya mabasi mjini Mombasa, hapapitiki kwa abiria. Wenye kwao bara wanapanda, wageni wa Nairobi wanateremka pwani, na trela za bandarini hazijui sikukuu. Wote wanagombania barabara moja: Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, Voi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana siku hizi.

Matatu imepinduka mbele yetu na mimi si daktari. Nianze na nini?

Anza na usalama wako. Egesha nje ya lami, washa taa zote za kumweka, weka pembetatu nyekundu mbali kiasi cha kumpa dereva wa trela nafasi ya kushika breki. Anayesimama katikati ya barabara usiku akitoa msaada ndiye majeruhi anayefuata. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Taja kituo kilicho karibu, majeruhi ni wangapi, na kama kuna aliyebanwa.

Likiwa ni lori la mafuta, ondokeni, na mtoke na watoto. Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, zaidi ya watu 100 walikufa moto ulipolipuka wakichota mafuta ya lori lililoanguka.

Si bora tuwavute nje haraka tuwakimbize hospitali?

Hapa ndipo huruma inapoumiza, na nimeliona mara nyingi mno. Watu wanne wanamshika kijana, huyu mkono, yule mguu, kichwa kinaning'inia, anatupwa nyuma ya pikapu. Kama mfupa wa shingo umevunjika, mtikiso huo unaweza kuukata uti wa mgongo, na kijana aliyekuwa akisogeza miguu asiisogeze tena.

Kama hakuna moto, maji wala hatari ya kugongwa tena, mwache alipo. Piga magoti upande wa kichwa chake, kishike kwa viganja viwili kisigeuke, na umsemeshe. Mwambie asitingishe kichwa, ajibu kwa mdomo tu. Aliyezimia lakini anapumua, mgeuzeni ubavu asisongwe na matapishi au damu: mmoja ashike kichwa, wengine wamgeuze mwili kwa pamoja kama gogo. Asiyepumua, msukume kifua katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpokezane mkichoka. Huyo usimcheleweshe kwa kuhofia shingo. Wa bodaboda mwache na helmeti yake, ila kama inamzuia kupumua.

Na kama hakuna ambulensi, lazima mumbebe? Tafuteni ubao au mlango. Alale chali, amenyooka, kichwa kimeshikwa mpaka mfike.

Damu inachuruzika. Nifunge juu ya kidonda?

Kwanza kandamiza. Leso safi iliyokunjwa, kiganja juu yake, uzito wa mwili wako wote, dakika kumi bila kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu yake na uzidi kukandamiza. Kama una mifuko safi ya plastiki au glovu, vaa. Kukaza kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, yaani upande wa moyo na si kwenye jeraha lenyewe, ni kwa mkono au mguu tu, damu ikikataa kabisa kusimama. Andika saa uliyofunga. Chuma au kioo kilichochoma mwilini usikichomoe, kwani huenda ndicho kinachozuia damu.

Tumpe maji?

Hapana, wala soda. Anaweza kupaliwa, na huenda akahitaji upasuaji. Mfunike apate joto.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Tuligongwa kwa nyuma Mtwapa, hana hata mkwaruzo. Twende hospitali?

Nendeni leo hii. Mshtuko wa gari unaweza kubandua kondo la nyuma kabla mama hajasikia maumivu makali. Damu ukeni, tumbo kukaza, au mtoto kupunguza kucheza ni dharura. Safarini, mkanda wa chini upite chini ya tumbo, juu ya nyonga.

Na wewe mwenyewe usijihesabu mzima kwa sababu ulishuka ukitembea. Hofu huficha maumivu. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, tumbo kuwa gumu, bega la kushoto kuuma bila kuguswa (bandama huenda imepasuka), mkojo wenye damu: yoyote kati ya hayo, rudi hospitali hata saa nane usiku. Mzee, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kichwa kinaweza kuvujia ndani polepole kwa siku au wiki kadhaa.

Hospitali ikitaka pesa kwanza?

Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Itaje kwa sauti ya upole, na umwombe msimamizi wa zamu.

Mwanangu hakuumia, lakini tangu ajali anaamka akilia.

Wiki za mwanzo ni kawaida. Lala karibu naye, mwache asimulie akitaka, usimlazimishe kupanda gari. Mwezi ukipita na bado halali, anakataa chakula au anakojoa kitandani alipokwisha acha, mpeleke kliniki na umweleze daktari habari ya ajali, hata kama mwilini hana alama.