Shule ya watoto tisini: kinachobaki kwa mwanafunzi akishaondoka

Shule shikizi, yaani shule ndogo zilizo chini ya shule kubwa iitwayo shule mama, nyingi nchini Tanzania zinafanana: vyumba viwili, walimu wawili au watatu, watoto wa darasa la I hadi la III au la IV, na shule mama iliyo mbali mno kwa miguu ya mtoto wa miaka 7. Watu huziona kama shule pungufu zinazongoja kukua. Mimi nasema miaka hiyo michache inaweza kumbeba mtoto maisha yake yote, ila udogo wenyewe haumfundishi kitu. Kinachomfaa ni mwalimu anayemjua kwa jina na kuutumia ujuzi huo kila siku.

Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka jimbo la Tennessee, Marekani. Kuanzia mwaka 1985, katika shule 79, watoto wa chekechea waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi madarasa ya watoto 13 hadi 17, baadhi ya 22 hadi 25. Wakaendelea hivyo hadi darasa la tatu, kisha wote wakarudi madarasa ya kawaida. Miaka mingi baadaye watafiti wakawatafuta. Walipofika umri wa miaka 20, wale wa madarasa madogo walikuwa wengi zaidi vyuoni, ingawa pengo lilikuwa chini kidogo ya asilimia 2. Walioanza na mwalimu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 10 walikuja kupata kipato kikubwa zaidi. Na kwa waliopata darasa zuri la chekechea, nyongeza ya maksi ilififia walipopanda madarasa, lakini bidii, kuthubutu na kutovuruga wenzao vilibaki.

Utafiti ule ulipima ukubwa wa darasa, si wa shule. Kwetu uwiano wa kiserikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, kwa hiyo shule ya watoto 90 yenye walimu wawili haijapata bado faida ya Tennessee. Ina faida nyingine: mwalimu yuleyule humwona mtoto yuleyule miaka mitatu mfululizo. Hiyo ndiyo ya kutumiwa.

Anza na kusoma. Chukua kifungu cha maneno 60 ambacho mtoto hajakiona. Msikilize kwa dakika moja, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, kisha muulize maswali matatu. Ukiwapima watano kwa siku, darasa la 25 linaisha ndani ya wiki. Rudia kila muhula. Anayekwama kwenye mbw, nyw au ng' mrudishe kwenye silabi. Anayetamka vizuri lakini hawezi kujibu hahitaji silabi hata kidogo. Anahitaji maneno na mazungumzo, hasa kama nyumbani kwao wanaongea Kisukuma au Kimasai. Kuwapa wote wawili zoezi moja ni kuwapotezea muda. Halafu kuna mtego wa vyumba vidogo: mtoto amewasikia wenzake wakisoma ukurasa uleule hadi ameukariri. Funika picha, mwanzishe katikati ya sentensi, utaona.

Pale mwalimu mmoja anapofundisha madarasa mawili chumba kimoja, mambo huharibika kwa namna ileile kila mahali: darasa la II linafundishwa, la I linanakili ubaoni. Mtoto anaweza kunakili mwaka mzima bila kusoma neno. Weka mbao mbili, kila moja ukuta wake, watoto wapeane migongo. Wape la II kazi ya kuandika iliyoandaliwa kabla ya kipindi, kaa na la I dakika 15 za mwanzo ukiwa na kadi za herufi, kisha la I wacheze kadi hizo wawiliwawili wakati unasahihisha la II. Kazi ya kujitegemea isizidi dakika 15 kwa watoto wa umri huu. Ikizidi hapo, kelele zinaanza.

Udogo una sumu yake pia, na naiogopa kuliko uhaba wa madawati. Mtoto aliyeitwa "mzito" akiwa na miaka 7 huliburuta jina hilo hadi anaondoka, kwa kuwa waliolisikia ni walewale, na mwalimu ni yuleyule. Vivyo hivyo, mwalimu akiwa dhaifu katika hisabati, udhaifu huo unaingia kwa watoto wa kijiji kizima. Dawa ni kubadilishana: walimu wapeane vipindi wanavyovimudu, na kwenye kadi ya mtoto iandikwe alichoshindwa, kwa mfano "hajaweza kutoa kwa kukopa", pasipo neno lolote la kumhukumu.

Kisha kuna kuhama. Mtoto aliyezoea wenzake 14 anaingia shule mama kwenye chumba cha watoto 70, ambako hakuna atakayegundua kwamba amenyamaza. Muhula wa mwisho mzoeze kunyoosha mkono na kusema "Mwalimu, sijaelewa" mbele ya madarasa yote yakiwa pamoja. Wapeleke watoto shule mama walau mara mbili kabla ya kuhama, siku ya masomo, wajue choo kilipo na mwalimu wa zamu hupatikana wapi. Kadi ya maendeleo iwe nakala mbili. Moja ipokelewe na Mwalimu Mkuu, ya pili mzazi amkabidhi mwalimu wa darasa mkononi, maana ya ofisini inaweza kukaa kwenye faili hadi muhula uishe.